Sauti Yangu Katika Kaseti

Walioandika juu ya Kiingereza katika shule zetu za sekondari ni wengi, na aghalabu wameandika juu ya sarufi, vitabu na mitihani. Wachache wamepata kuandika juu ya mdomo. Mimi nataka kuandika juu ya mdomo, na juu ya chombo kimoja kilichoufungua mdomo wangu mwaka 1986, nilipokuwa Kidato cha Pili katika shule ya bweni mkoani Dodoma. Chombo chenyewe kilikuwa kinasa sauti cha kaseti, cheusi, kilichovunjika mfuniko, chenye kula betri kama mbuzi alavyo majani mabichi. Sisi wanafunzi tulikiita rekoda. Hakikuwa mali ya shule, kilikuwa mali ya mwalimu. Na kabla hakijaingia darasani tulikuwa tumekwisha kusoma Kiingereza kwa miaka mingi bila ya kukisema.

Yafaa msomaji kijana aelezwe hali ilivyokuwa. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Jambo hilo lilikuwa jema, nami nalisema nikiwa mtu ambaye roho yangu imelelewa na ushairi wa Kiswahili. Lakini mtoto alipovuka kuingia Kidato cha Kwanza, alikuta historia, jiografia, hesabu na sayansi zote zikimngoja kwa Kiingereza, lugha aliyokuwa ameisoma kama somo moja tu miongoni mwa masomo, tena kutoka kwa mwalimu ambaye mara nyingi naye aliisoma hivyo hivyo. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 ikatoka taarifa ya wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, waliowapima wanafunzi wetu. Waliona kwamba katika kila wanafunzi 10 wa Kidato cha Nne, ni kama mmoja tu aliyefikia kiwango ambacho mtu angeweza kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Kuanza, wala si kumaliza. Na hao walikuwa wamebakiza miezi tu kumaliza.

Katika darasa letu hali hiyo ilizaa ukimya. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili. Aliuliza, sisi tukainamisha nyuso juu ya madawati. Uongozi wa shule, ukidhani kwamba ukimya ule ni ukaidi, ukaleta kibao. Kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, na aliyesikika akinena Kiswahili, au Kigogo, au lugha yoyote ya kwao, alivikwa shingoni akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Jioni, aliyekutwa nacho wa mwisho alichapwa viboko. Matokeo yake hayakuwa Kiingereza. Matokeo yake yalikuwa minong'ono: tulijifunza kusema Kiswahili kwa sauti ya chini kama watu wenye kosa, na Kiingereza hatukukisema kabisa. Kama iko njia ya hakika zaidi ya kumfanya kijana azichukie lugha mbili kwa pamoja, mimi sijaiona.

Upo mfano mmoja ambao haujanitoka moyoni. Tulikuwa na mwenzetu aliyetoka Kwa Mtoro, Msandawe. Aijuaye lugha ya Wasandawe ajua kwamba ina vidoko, yaani sauti zitokazo kwa ulimi kugonga na kuachia meno au kaakaa kwa ghafula, na kwamba Mgogo au Mrangi aliyeishi jirani miaka kumi bado huzikosea. Ulimi wa kijana yule, basi, ulikuwa hodari kuliko wa yeyote miongoni mwetu. Siku moja aliambiwa asome kitabu kwa sauti, akalifikia neno island. Alilisoma kama lilivyoandikwa, kila herufi akaipa haki yake, kwa kuwa hivyo ndivyo Kiswahili kilivyomfundisha kusoma. Darasa likaangua kicheko, na mwalimu tuliyekuwa naye mwaka ule akacheka pia. Kijana hakusoma tena kwa sauti hadi mwaka ukaisha. Nami nilicheka. Lakini nani alikuwa amemwambia kwamba ile s ni bubu? Kitabu hakisemi. Kamusi yenye alama za matamshi ilikuwa moja, ndani ya kabati lenye kufuli. Ulimi haukuwa na kosa. Sikio ndilo lililokuwa halijapewa neno lile hata mara moja.

Watu wa wakati ule walidhani kwamba dawa ya sikio ni redio, na dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Shirika la Utangazaji la Uingereza lilikuwa likifundisha Kiingereza kwa redio tangu mwaka 1943, na Redio Tanzania nayo ilikuwa na vipindi vya shule. Shule yetu ilikuwa na redio moja, ikikaa katika chumba cha walimu, ikaletwa darasani kwa taadhima kama mgeni wa heshima. Lakini saa ya kipindi haikupatana na ratiba yetu, na upepo wa uwanda wetu ulipovuma katika miezi ya kiangazi, mawimbi yalikuja na kuondoka, sauti ikazama katikati ya sentensi na kuibuka katika sentensi nyingine. Hata siku sauti ilipokuwa safi, redio haikumngoja mtu. Ilipita kama garimoshi la usiku stesheni ya Kikombo: aliyelala halioni, na aliyeamka hawezi kulisimamisha. Tulisikiliza, tukatikisa vichwa, tukaona tumesoma.

Sisemi haya ili kuitukana redio. Mwaka 1973 taifa hili lilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio moja na kusoma kitabu kimoja. Nguvu ya kampeni ile haikuwa katika sauti iliyotoka Dar es Salaam peke yake. Ilikuwa katika yale yaliyofuata redio ilipozimwa: kiongozi wa kikundi aliuliza, wazee wakabishana, akina mama wakasema yao, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo. Wenzetu wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifanya jambo la kufanana na hilo kwa Kiingereza chenyewe katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi za mashambani. Wazo lilikuwa limejaribiwa Nikaragua tangu mwaka 1974 kwa somo la hesabu. Redio iliuliza swali, kisha ikanyamaza kwa makusudi, na katika kimya kile watoto wote wakajibu kwa pamoja kwa sauti kubwa. Halafu redio ikatoa jibu sahihi. Mtoto akajibu mara nyingi mno ndani ya nusu saa. Walipopimwa, watoto wale walionekana wamewapita wenzao katika kusikiliza na kusoma. Angalia, ndugu mwalimu, ni nini kilicholeta tofauti. Mashine ilikuwa ile ile tuliyokuwa nayo sisi. Kilichoongezwa ni kimya.

Sasa nirudi kwenye rekoda. Mwaka 1986 aliletwa kwetu mwalimu mpya wa Kiingereza, mtu wa makamo, mwenyeji wa upande wa Mpwapwa. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa katika uhai wake hakupenda kutajwa. Siku za kwanza alitusikiliza tu. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, katika darasa ambalo Kiswahili kilikuwa kosa la kuvikwa kibao: ni nani kati yetu aliyepata kuimba ngonjera katika shule ya msingi? Mikono yote ikapanda.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana jambo hili ni letu, tena la hapa Dodoma. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa upande wa Ihumwa mwaka 1917, ndiye aliyezipa ngonjera umbo tulijualo, mashairi ya kujibizana ambayo watu wawili au zaidi husimama mbele ya wenzao na kutetea kila mmoja upande wake. Baada ya Azimio la Arusha zilienea katika shule za nchi nzima. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971. Watu hukumbuka siasa iliyokuwamo ndani yake. Mimi nakumbuka zaidi kwamba ngonjera ilimsimamisha mtoto wa miaka kumi mbele ya kijiji kizima, mikono ikiwa imenyooka, akasema maneno marefu bila ya karatasi wala hofu. Mtoto yule yule, miaka minne baadaye, alikuwa bubu katika Kidato cha Pili. Mwalimu wetu aliona kwamba huyo si mtu asiyejua kusema hadharani. Ni mtu aliyenyang'anywa.

Akatutungia ngonjera za Kiingereza. Abiria na karani wa tiketi katika stesheni ya Dodoma. Mnunuzi na muuza zabibu katika soko la Majengo. Mgonjwa na mganga wa zahanati. Vina vyake, Mungu amrehemu, vilikuwa vibovu, nami nilikuwa nimekwisha kuwa mjuzi wa vina kiasi cha kuona aibu kwa niaba yake. Lakini maneno yalikuwa maneno ambayo mtu huyahitaji kweli. Alitugawa katika makundi, kila kundi likajifunza ngonjera yake kwa moyo, kisha akaifungua rekoda, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akasema: "Haya."

Umeme shuleni ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilikuwa ya saa za jioni tu, siku ambazo dizeli ilipatikana. Kwa hiyo tuliishi kwa betri. Zilipochoka tulizianika juani juu ya bati la jiko, zikapata uhai wa nusu saa nyingine. Kurudisha ukanda nyuma kwa mashine kulikuwa anasa, tukaurudisha kwa mkono, penseli ikiwa imepenyezwa katika tundu la kaseti na kuzungushwa, kazi ambayo wanafunzi wa dawati la mbele waliigombea. Kaseti ilikuwa moja, ya dakika 60. Makundi ya wiki hii yalizifuta sauti za wiki iliyopita.

Kundi letu lilipomaliza, mwalimu akaturudishia sauti zetu. Niliwatambua wenzangu wote. Kisha ikaja sauti nyembamba, ya puani, isiyo na uzito, ikiomba tiketi ya daraja la tatu kwenda Tabora, nami nikageuka nyuma kumtafuta mwenyewe. Wenzangu wakanionyesha kidole.

Baadaye nilijifunza sababu. Mtu ajisikiapo akisema, hujisikia kwa njia mbili: kwa hewa, kama wamsikiavyo watu, na kwa mifupa ya fuvu lake mwenyewe, ambayo huiongezea sauti uzito. Rekoda humpa ile ya hewa peke yake. Ndiyo maana kila mtu hushtuka mara ya kwanza. Na katika mshtuko ule yamo mafunzo ambayo mwalimu angeyasema mwaka mzima asisikike. Nilikuwa nimeambiwa mara nyingi kwamba nachanganya l na r, nami nilikuwa nikikana kwa dhati, kwa kuwa ndani ya kichwa changu zilikuwa mbili. Kaseti ilisema ni moja. Kadhalika mkazo. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, kama tuitofautishavyo barabara ya kupita na barabara ya mambo kuwa sawasawa. Kiingereza huuhamisha, na uhamapo maana yaweza kuhama nao. Neno record likikazwa mwanzo ni jina, likikazwa mwisho ni kitenzi. Neno hasa la kazi tuliyokuwa tukiifanya, nasi tulikuwa tukilikosea. Irabu zetu ni tano, nao katika Kiingereza cha kusini mwa Uingereza wana sauti za irabu zipatazo 20, hata meli na kondoo, ship na sheep, kwetu vilikuwa kitu kimoja. Ubaoni mambo haya yalikuwa kanuni. Katika kaseti yalikuwa sisi.

Na kicheko? Kilikuwapo, lakini kilibadilika, kwa kuwa kila mtu alikuwa amo ndani ya ukanda. Aliyemcheka mwenzake alijua kwamba dakika mbili mbele inakuja zamu yake. Yule kijana wa Kwa Mtoro alikuwa katika kundi la garimoshi pamoja nami, na juma la kwanza alikataa kufungua kinywa. Mwalimu hakumlazimisha. Alimwomba tu atoe mlio wa magurudumu ya garimoshi yakipita juu ya maungio ya reli, ili ngonjera ianze kwa sauti ya safari. Kijana akakaribia rekoda akaitoa kwa vidoko vyake, polepole kwanza, kisha haraka, kisha haraka zaidi, garimoshi likaondoka stesheni. Darasa likapiga makofi. Juma lililofuata alikuwa ndiye karani wa tiketi. Sikumbuki ni lini kibao kilitoweka shuleni. Hapakuwa na tangazo. Siku moja tuliona tu kwamba hakuna mwenye habari nacho.

Ipo hoja ambayo wazee wenzangu katika ushairi hunitolea nisimuliapo kisa hiki. Husema: unatetea ulimi wa wenyewe. Jibu langu ni kwamba mimi ni miongoni mwa wanaotaka historia na sayansi zifundishwe kwa Kiswahili katika sekondari, na sioni mgongano wowote. Lugha iliyobebeshwa masomo yote haipati nafasi ya kufundishwa yenyewe. Mwalimu wetu hakututaka tuige sauti ya London. Alikuwa na kaseti za msemaji wa Kiingereza wa huko, akatuchezea mara moja moja ili sikio lijue, kisha akaziweka. Kwa kuigiza alitupa sauti yake mwenyewe, iliyonyooka, yenye harufu ya Mpwapwa. Alisema Kiingereza tutakachokihitaji ni cha kusemezana na Mnigeria, Mhindi na Mchina, ambao nao hawakuzaliwa nacho. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh hadi mwaka 1952, akazungumza Kiingereza kilichosikilizwa na dunia nzima, na lafudhi yake ikabaki ya mtu wa huku kwetu. Mkono uleule ukamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Tangu siku za rekoda ile vyombo vimekuwa vingi mno. Televisheni, ambayo Zanzibar iliipata mwaka 1973, ilifika Bara mwaka 1994. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, masomo yaliletwa kwa redio na televisheni, na watoto wakarudi kukaa mbele ya sauti isiyongoja. Baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vikagawiwa kwa walimu. Zipo pia programu za simu zinazomsikiliza mtu akisema Kiingereza na kumwambia alipokosea. Nilijaribu moja usiku mmoja nyumbani. Nikaiambia, kwa Kiingereza changu bora kabisa, kwamba naishi Dodoma, nayo ikaandika jambo juu ya mlango na mama yake. Nilicheka peke yangu. Lakini nilimfikiria mtoto wa Kidato cha Kwanza akiambiwa na mashine kwamba jina la mji wake ni kosa la matamshi.

Na uko ukuta mwingine ambao hakuna chombo kitakachouvunja peke yake. Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne katika somo la Kiingereza ni wa kuandika. Mwanafunzi aweza kufaulu bila ya kusikiwa na mtu yeyote neno moja. Walimu si wajinga. Hufundisha kile kitakachoulizwa. Mwenye darasa la wanafunzi 80, katika shule ya kata iliyojengwa katika ule mpango mkubwa wa sekondari ulioanza mwaka 2004, nani atamlaumu akiamua kwamba mdomo usubiri?

Hata hivyo wapo wasiosubiri. Mwaka 2024, kwa kazi ya ofisi, nilifika katika shule moja ya kata wilayani Chamwino. Nilipokuwa nikimngoja mkuu wa shule chini ya mti, nikasikia kutoka darasa la mwisho sauti ya wasichana wawili wakipatana bei ya zabibu kwa Kiingereza, kisha kimya, kisha sauti zile zile tena, safari hii zikiwa nyembamba na za puani. Nikainuka nikaenda kusimama mlangoni. Mwalimu alikuwa binti wa miaka isiyozidi thelathini. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo alitumia yake, akaiunganisha na spika ndogo kama ngumi, ya kuchajiwa kwa umeme wa jua. Aliniamkia, akanipa kiti, akaendelea. Sikumwambia kitu juu ya mwaka 1986.

Muuza zabibu alikuwa msichana mrefu mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alisikiliza sauti yake akiwa amefunika uso kwa viganja vyote viwili. Ilipokwisha akaomba arudie. Wakarudia, na mara hii alisema vizuri zaidi, hata wenzake wakamwambia. Mwalimu akatazama simu, akasema nafasi inakaribia kujaa, akaweka kidole tayari kuifuta ile ya mwanzo.

"Madam, usiifute," msichana akasema, kwa Kiswahili. "Ziache zote mbili."